Kodi Iliyomsema Bi Aziza

Kila mpiga muziki ana kodi yake. Siyo ile ya serikali, hiyo tunayo wote hata tusiojua kupiga mluzi. Hii ni ya vidole: sauti tatu au nne zinazobonyezwa pamoja, na mpigaji akishapata moja inayomkaa mkononi, basi tena, ataitia kwenye kila wimbo kama mama anayetia iliki kwenye kila sufuria, hata la maharage. Sudi, mpiga gitaa wa Kilindoni kisiwani Mafia, yake ilikuwa A maina, na sababu alizitoa hadharani bila haya: inataka vidole vitatu tu, cha nne kinabaki cha kushikia sigara.

Ya Sabiti Maulidi, mpiga kinanda, haikuwa na jina. Watu waliiita tu "ule mlio wa Sabiti". Na Jumatatu moja, siku nne kabla ya binti yake Jamila kufunga ndoa, mlio huo ulitumiwa onyo.

Onyo lilikuja kwa sauti, kwenye simu ya mkewe, Saleha. Aliyetuma alikuwa Bi Aziza wa Kirongwe, mfanyabiashara wa nazi, mama yake Zubery, yaani mama wa bwana harusi.

"Saleha, mwambie mumeo. Alhamisi nakuja kwenye hina ya mkwe wangu na watu wangu wote wa Kirongwe. Apige anachotaka. Lakini ule mlio wake wa kunisema, nikiusikia mara moja, mara moja tu Saleha, Ijumaa ndoa hakuna. Zubery mwanangu, nikimwambia haendi, haendi. Na Sabiti asijifanye anaumwa. Asipopiga nitajua ndiyo yenyewe."

Saleha aliicheza tena. Akaicheza mara ya tatu, kama anayetumaini Bi Aziza atabadili mawazo humo humo ndani ya simu.

"Mlio gani huo wa kumsema, Baba Jamila?"

"Sijui," alisema Sabiti, na mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya goti, ukaupiga.

Sabiti alikuwa na miaka hamsini na moja. Alizaliwa Kisiwa cha Bwejuu, kwenye nyumba ambayo kila mtu alikwenda kuvua isipokuwa yeye, maana alitapika kila akipanda chombo, na mtu wa Bwejuu anayetapika baharini hana budi kutafuta kazi ya kukaa. Akawa fundi cherehani pale sokoni Kilindoni. Kinanda alijifunza kwa kuchungulia: kila bendi iliyoletwa kwenye harusi, yeye alisimama nyuma ya mpigaji akaangalia vidole, akaenda nyumbani kuvipiga juu ya meza ya cherehani. Kwa bahati mbaya wapigaji wote aliowachungulia walipiga nyimbo zote kutokea A maina. Hiyo ndiyo aliyoijua, na hiyo tu. Mwimbaji akitaka wimbo upande au ushuke, Sabiti alibonyeza kile kitufe cha kuhamisha sauti, chombo kikahama chenyewe, vidole vikabaki pale pale. Nusu ya wapiga vinanda wa pwani hii wanakula kwa kitufe hicho, na hawatakwambia.

Sasa, A maina ina sharti moja. Wimbo ukishazunguka, kiitikio kikiisha, lazima upite kwenye kodi ya E ndipo urudi nyumbani. Na ndani ya E mna kitufe cheusi kimoja, G shapu, ambacho ndicho kinachoifanya E iwe E. Miaka kumi na moja nyuma, chumvi ya Mafia ililamba waya mmoja ndani ya kinanda cha Sabiti, na G shapu zote, kutoka chini mpaka juu, zikafa siku moja. Alikuwa katikati ya harusi. Akabonyeza, kimya. Kwa hofu vidole vikaruka pembeni, vikaangukia B, D na F, kimoja baada ya kingine, ng'a, ng'a, ng'aaa, sauti inayoning'inia kama mtu aliyenyanyua mguu mlangoni hajui aingie ama atoke.

Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Tangu siku hiyo hakukitengeneza. Fundi wa kinanda alikuwa Dar, na sifa zilikuwa Kilindoni. Vijana walivuka maji wakaja kumrekodi vidole kwa simu. Sudi aliwaambia watu kwamba rafiki yake ana "mkono wa Kiarabu, wa ukoo". Sabiti aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama inavyompasa mwenye kipaji, na siri ya waya ulioliwa na chumvi akakaa nayo yeye na Saleha.

Jumanne asubuhi alipanda bodaboda mpaka Kirongwe akiwa ameamua kuitoa.

Bi Aziza alikuwa uani kwake, kati ya chungu mbili za nazi, akifua nazi kwa mikono yake mwenyewe ingawa alikuwa na vijana wa kumfulia. Kila nazi aliikita kwenye chuma kilichosimikwa ardhini, akaivunja kiuno. Sabiti alimwamkia shikamoo, ingawa walikuwa rika moja. Asubuhi hiyo angemwamkia hata mbuzi wake.

"Marahaba," alijibu Bi Aziza bila kusita. "Umekuja kuomba radhi ama kununua nazi?"

"Nimekuja kusema ukweli, mkwe. Kinanda changu kibovu. Kuna kitufe kimekufa. Mkono unakikwepa, ndiyo unatoka mlio ule. Sikusemi. Wallahi sikusemi."

"Usimtie Mungu kwenye kinanda. Kitufe kimekufa."

"Kimekufa kabisa."

"Na kinakufa nikisimama mimi."

"Unasimama kiitikio kikiisha, Bi Aziza. Kila mtu anayekwenda kumtunza mwimbaji noti husimama hapo. Na hapo ndipo ninapokihitaji."

"Arafa jirani yangu naye husimama hapo. Akisimama yeye kinasema nini?"

"Hicho hicho."

"Mbona yeye hawamcheki?"

Kwa miaka kumi na moja Sabiti alikuwa akiangalia vidole vyake. Waliokuwa wakicheka hakuwahi kuwaangalia.

"Chombo chako unajua kinasema nini?" aliuliza Bi Aziza.

"Kinasema B, D, F."

Bi Aziza aliiweka nazi chini. Akanyoosha vidole vitatu hewani, akabonyeza kimoja kimoja, akaimba kwa sauti nyembamba, bila kukosea hata kidogo:

"Ka. A. Chwaaa."

Bi Aziza alikuwa ameachana na waume watatu. Kwamba aliachwa au aliacha yeye, jibu lilitegemea unamuuliza nani na yeye Bi Aziza yuko umbali gani. Lakini kaachwa ni kaachwa, na pwani hii wimbo ni wa kumsema mtu. Mwimbaji hutoa maneno, waliokaa wakatafuta ni ya nani. Wanawake walipopewa sauti tatu zisizo na maneno, waliona ni aibu kuziacha uchi.

"Sasa umesikia," alisema Bi Aziza, akaishika nazi nyingine. "Miaka kumi na moja nasemwa na kinanda. Mwanangu ampende nani asimpende, sitaingia kwenye ukoo unaonizomea. Haya, nenda. Alhamisi."

Sabiti alikuwa amesikia kweli, na huko ndiko alikoharibikiwa. Njia nzima ya kurudi bodaboda ilipiga kelele yake, ta-ta-taa, na Sabiti nyuma yake akasikia kaachwa, kaachwa, kaachwa, mpaka Kilindoni.

Habari zilimtangulia. Sudi alikuwa amekaa kwenye kibanda cha cherehani anamsubiri, uso umemvimba kwa hasira na kicheko.

"Umekwenda kutangaza kwamba kinanda kibovu?"

"Nimesema ukweli."

"Mkono wa Kiarabu niliokutengenezea mimi, ukaupeleka Kirongwe ukauzika! Na ameamini?"

"Hajaamini."

"Basi umepata hasara mbili kwa nauli moja. Tafuta kinanda kizima, bwana."

Kizima alikileta Zubery mwenyewe Jumatano. Huyu kijana alitengeneza simu karibu na bandari, mpole, msemaji kidogo, na alikuwa amekiazima kwa mteja wake. Akakiweka mezani kwa Sabiti kwa mikono miwili.

"Baba, hiki vitufe vyote vinalia. Mama nimemsihi, hasikii. Naomba tu... Jamila anajua?"

"Anajua."

"Amesemaje?"

Jamila alikuwa amekuja kusimama mlangoni kwa baba yake usiku uliopita, akauangalia mkono wa kulia wa baba yake, ule mkono tu, kama unavyomwangalia mbwa wa jirani usiyemwamini, kisha akaenda kulala. Sabiti hakuona sababu ya kumwambia hayo Zubery.

Kutwa nzima Jumatano alifanya mazoezi. E, halafu nyumbani. E, halafu nyumbani. G shapu ililia, safi, tii, mtiifu kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Mara tisa vidole vilikwenda vilikotumwa. Mara ya kumi, alipowaza kidogo tu kama wali wa kesho utatosha, vikaanguka B, D, F.

"Kaachwa," alisema Sudi, akakata tamaa kabla ya wakati wake.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri, turubai la bluu lilikuwa limefungwa nyuma ya nyumba ya Sabiti, viti vya plastiki vimejaa, na wanawake wa Kilindoni wamekaa upande mmoja wakiwatazama wanawake wa Kirongwe upande wa pili kwa ule upendo unaohesabu nguo za mwenzako. Wanamuziki waliwekwa pembeni, nyuma ya pazia lililofunguliwa nusu. Jamila alikaa mbele juu ya mto, mikono na miguu imepakwa hina mbichi, hawezi kushika kitu, hata jasho la usoni anafutwa na mwenzake. Zubery, ambaye hakutakiwa kuwepo, alikuwa nje ya ua juu ya pikipiki iliyozimwa. Ilikubaliwa muziki uishe kabla ya adhana ya Magharibi. Muda wa saa mbili na kidogo. Sabiti alihesabu: nyimbo nane, kila wimbo viitikio vinne. Mara thelathini na mbili mkono utapita penye shimo.

Bi Aziza aliingia mwisho. Akakaa kiti cha mbele kabisa, mkoba juu ya mapaja, mikono miwili juu ya mkoba. Hakuigusa sambusa.

Wimbo wa kwanza ulipita. Chiku, mwimbaji wao, mwanamke mwenye sauti ya kuvunja gilasi, alimaliza kiitikio, Sabiti akaminya E kwa macho yaliyofumbwa, wakarudi nyumbani salama. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu. Kila kitu kilikuwa sahihi, na ukumbi ulianza kupoa kama chai.

"Leo Sabiti ana nini?" aliuliza mmoja nyuma.

"Anapiga kama mlio wa simu."

"Mwacheni, baba wa bibi harusi, ana majonzi."

"Majonzi gani? Nimekuja na kanga mpya mimi!"

Kwenye wimbo wa tano kidole cha mwisho kiliteleza kikagusa F. Kimoja tu, tena kwa ncha. Kichwa cha Bi Aziza kikageuka polepole kama feni ya mezani. Sudi akaukwaruza uzi wa gitaa kwa kucha, krrr, akajifanya ndiyo mtindo. Bi Aziza alilisikiliza lile krrr mpaka mwisho wake. Kichwa kikarudi. Shati la Sabiti lilikuwa limelowa mpaka kwenye mifuko, na alipoinua macho aliona Jamila anamwangalia, siyo usoni.

Wa sita. Wa saba. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye pindo la turubai. Ukabaki mmoja.

Chiku aliuanza ule wa mwisho kwa pupa, kwa sababu na yeye amechoka kuimbia watu waliokaa. Ni wimbo wao wenyewe, wanawake waliujua wote, wakaanza kuamka mmoja mmoja. Kiitikio cha kwanza, E, nyumbani. Cha pili, E, nyumbani. Cha tatu. Halafu Bi Aziza alifungua mkoba, akatoa noti moja, akaufunga, akasimama.

Waliokuwa wakicheza walimpisha bila kuambiwa. Alikuja katikati ya turubai, hatua kwa hatua, noti imeinuliwa juu ya kichwa, akimwelekea Chiku, lakini macho yako nyuma ya pazia. Watu wote wakajua. Chiku akaivuta sentensi ya mwisho ya kiitikio, akaivuta tena, kama anayeomba isiishe. Ikaisha.

Mkono wa Sabiti ukaondoka. Aliuona ukienda. Ulikuwa umekwisha kunjika kama ulivyokunjika kwa miaka kumi na moja, kidole cha kwanza juu ya B, nukta moja tu kutoka kwenye kitufe, na Sabiti akaurusha juu kama aliyegusa kaango.

Hakuna kilicholia. Sudi naye alinyamaza, maana miaka yote hapo hunyamaza kumpisha mwenzake. Mpiga ngoma akanyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Pakawa na shimo katikati ya wimbo, pana, tupu, na Bi Aziza amesimama ndani yake mkono juu.

Na wanawake wa Kilindoni, ambao alasiri nzima walikuwa wamenyimwa haki yao, wakalijaza.

"Kaaa! Aaa! Chwaaaaa!"

Midomo sitini. Sabiti, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichokiwaza ni kwamba wamepatia: B, D, F, hakuna aliyetoka nje ya sauti.

Saleha alikuwa amejishika kichwa. Jamila alikuwa amesimama juu ya mto, mikono yake ya hina imetandazwa hewani, mdomo wazi. Nje ya ua pikipiki iliwashwa, ikazimwa.

Bi Aziza alishusha noti. Alikuja mpaka kwenye pazia, akalisogeza kwa kiwiko, akasimama mbele ya kinanda.

"Nani amepiga ule mlio?"

"Siyo mimi, mkwe."

"Nimeona. Mkono ulikuwa huko juu unafukuza nzi." Akageuka kuuangalia ukumbi. Akaupitia kiti kwa kiti, hakuruka mtu, na kila alipofika, mwenye kiti aligundua kitu cha kutazama kwenye vidole vyake vya miguu. Ilichukua muda mrefu. "Kumbe ni ninyi," alisema. "Miaka yote namgombeza fundi cherehani."

"Piga," alisema Bi Aziza, bado amewapa mgongo wanamuziki.

"Bi Aziza..."

"Sabiti, nimesema piga."

"Ulisema nikipiga ndoa hakuna."

"Nilisema ukinisema. Sasa nakutuma mimi. Piga, jua linazama."

Sabiti alitazama upande wa Saleha, hakupata msaada. Alimtazama Jamila. Jamila alifumba macho, akatikisa kichwa kuitikia, kidogo sana. Basi akaushusha mkono. Kwenye kile kinanda kizima, chenye vitufe vyote, akakiruka kitufe kilicho hai, akapiga B, D, F.

Bi Aziza alipokea ya kwanza kwa bega la kushoto, ya pili kwa bega la kulia, ya tatu kwa kiuno, na kiuno chenyewe hakikuwa na haraka ya kumaliza.

"Tena!"

Akapiga tena.

"Ka! A! Chwa!" aliimba Bi Aziza mwenyewe, noti imebandikwa kwenye paji la uso wake mwenyewe, anawaendea wanawake wa Kilindoni safu kwa safu. "Kaachwa na watatu! Wote wako hai, wazima, na anwani zao ninazo! Anayetaka aje nimpe!"

Kirongwe yote ikanyanyuka. Vigelegele vilipiga turubai likapepea. Upande wa Kilindoni walisitasita, mmoja akacheka, wa pili akashindwa kujizuia, na mara wote walikuwa katikati wakigombea kumtunza mwanamke waliyemzomea kwa miaka kumi na moja, na yeye akizipokea noti zao kwa dharau, kama anayepokea nauli.

Sabiti alitaka kurudi nyumbani, kwenye A maina. Kodi ile haikai peke yake, inamvuta mpigaji kwenye koo, inadai iende mahali. Alisogeza vidole.

"Bado!" alisema Bi Aziza bila kugeuka.

Akabaki pale. Alibaki pale mpaka adhana ilipoanza msikitini na kila kitu kikakatwa papo hapo, kodi ikiwa bado inaning'inia.

Bi Aziza alijitanda vizuri, akazikunja noti akampelekea Jamila, na kwa kuwa Jamila hakuweza kushika, akamchomekea shingoni. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa," alimwambia Saleha. "Watu wangu wanafika kwa wakati. Na wenu wafike." Kisha akarudi kwenye pazia.

"Na ule mlio, mkwe."

"Naam."

"Ni wangu. Nisipokuwepo usipigwe."

"Bi Aziza, ule ndio riziki yangu."

"Basi unialike," alisema, akaondoka.

Sudi alikuwa anakunja waya wa gitaa, mabega yanamtikisika kwa kicheko alichokizuia tangu alasiri.

"Sasa Jumapili tuna harusi nyingine," alisema. "Tunapiga nini?"

Sabiti alijifuta uso kwa pindo la shati.

"Mpigie simu Bi Aziza," alisema. "Umuulize kama ana nafasi."